Sindano ikishachomwa, dawa hupita njia gani? Uchambuzi kutoka Stockholm

Saa tisa za usiku, mwezi wa Disemba uliopita, katika fleti ya dada yangu huko Kista, kitongoji cha Stockholm, mama yetu alianza kuzungumza maneno yasiyoshikana. Alikuwa amelowa jasho, na nje theluji imetanda. Dada alimtoboa kidole, akampima sukari: 2.6. Alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hivyo tulimpa juisi ya machungwa, tukangoja dakika 15, tukampima tena, tukamwongeza juisi na tende mbili. Adhana ya simu ilipolia alfajiri alikuwa ameshazinduka vizuri, anatuuliza kwa nini taa zote zinawaka.

Kosa lilikuwa langu.

Mama ana kisukari kwa miaka 19 sasa. Tulitoka naye Maskati kuja kumwona mjukuu mpya. Usiku ule, kabla ya kulala, alitaka kujichoma insulini yake pale pale anapojichoma siku zote, kushoto kwa kitovu, ambapo pamefanya kinundu kama nusu ya ndimu. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba si vizuri kuchoma pahala pamoja kila siku. Nikamwambia, kwa ujuzi wa mtu asiyejua, "Mama, leo hama, choma pajani." Akanisikiliza. Yuniti 38, kalamu ile ile, dawa ile ile. Kilichobadilika ni pahala tu.

Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya cha karibu. Muuguzi wa kisukari alimlaza, akampapasa tumbo kwa vidole viwili, taratibu, mpaka akakifikia kile kinundu na ukubwa wake akauzungushia kalamu. Kisha akatueleza. Sindano zikirudiwa pale pale kwa miaka, mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kuwa magumu. Insulini ikiingia humo hutoka kidogo kidogo, leo hivi, kesho vile. Sukari inapokataa kushuka, dozi huongezwa. Ndivyo mama alivyotoka kwenye yuniti 22 akafika 38. Mimi nikaihamishia dozi hiyo kubwa kwenye paja ambalo halijawahi kuguswa, na yote ikapita bila ya kikwazo.

Nilikumbuka kwamba katika miaka yote hiyo, kule alikokuwa akitibiwa, hakuna aliyewahi kumwambia afunue tumbo atazamwe. Na sisi watoto wake hatukuwahi kuuliza. Tuliuliza jina la dawa, bei yake, imetengenezwa wapi, na kama inaingiliana na habasoda. Hatukuuliza dawa ikishaingia mwilini inapita wapi.

Swali hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu limekuwa kubwa kuliko insulini ya mama. Dawa nzito nzito ambazo zamani zilitolewa hospitalini kwa dripu, za saratani na hata za maradhi ya usahaulifu, sasa zinageuzwa kuwa sindano za chini ya ngozi, na nyingine zinachomwa nyumbani. Kazi iliyokuwa ya muuguzi inahamia mikononi mwetu sisi wenye wazee, jikoni, karibu na friji. Haifai tuipokee bila ya kuijua.

Chini ya ngozi kuna nini

Tuanze na swali la skuli: kwa nini insulini haimezwi kama kidonge? Kwa sababu ni protini, kama yai au nyama. Tumbo likiipata huisaga kama chakula. Ndiyo maana dawa za protini huchomwa. Na zikichomwa kwenye mshipa wa damu, kama dripu, hufika mara moja. Lakini zikichomwa chini ya ngozi, huangukia kwanza kwenye mafuta na utandu laini ulio kati ya ngozi na nyama. Hapo si kwenye damu. Dawa lazima itafute mlango.

Milango iko miwili. Wa kwanza ni mishipa midogo kabisa ya damu, kapilari, ambayo ukuta wake ni mwembamba lakini umebana. Wa pili ni mishipa ya limfu. Kila siku maji hutoka kwenye damu na kulowesha nyama za mwili. Mengi hurudi yenyewe, lakini lita tatu hivi, pamoja na protini zilizovuja, hurudishwa kupitia limfu. Mishipa ya limfu mwanzoni mwake ina vijilango vinavyofunguka kuingiza maji na chembe kubwa, halafu hujifunga visirudi nyuma.

Msomaji wa Oman nitamfananishia na falaji. Kule chini ya mlima maji huchuruzika pole pole kwenye mfereji wa chini ya ardhi, hayana haraka, lakini hayapotei, na mwisho hufika kunakohitajika. Limfu nayo haina moyo wa kuisukuma kama damu. Husukumwa na mijongeo ya misuli, pumzi, na kujikaza kwa mishipa yenyewe. Njiani hupita kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani kwetu tunaziita mitoki. Mwisho wake humwagika kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo, karibu na mtulinga.

Nani hupita mlango gani? Kinachoamua zaidi ni ukubwa. Wanasayansi hupima uzito wa chembe kwa daltoni. Insulini moja ina daltoni 5,800 hivi. Homoni ya ukuaji ina 22,000. Antibodi, ambazo ndizo dawa nyingi mpya za saratani na baridi yabisi, zina kama 150,000. Majaribio ya kondoo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba kadiri protini inavyokuwa kubwa ndivyo sehemu yake inayopita kwenye limfu inavyoongezeka, na kuanzia daltoni 16,000 hivi limfu ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Kiasi halisi kwa binadamu bado kinajadiliwa, maana mwili wa kondoo si wa mtu. Lakini kanuni yenyewe inakubalika: wadogo hupenya kwenye damu, wakubwa huchukuliwa na limfu.

Stockholm na mlango wa damu

Nilipata siku moja ya kutembea mjini, nikaenda Stortorget, uwanja wa zamani ulio katikati ya mji mkongwe, lilipo jumba la makumbusho ya Tuzo za Nobel. Wengi wetu hulijua jumba hili kwa ajili ya Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliyepewa tuzo ya fasihi mwaka 2021. Mimi safari hii nilikwenda kwa ajili ya watu wengine.

Mwaka 1920 taasisi ya Karolinska ya hapa Stockholm ilimpa tuzo ya tiba August Krogh wa Denmark. Alichogundua ni jinsi kapilari zinavyofunguka na kufunga: msuli ukitulia, nyingi hufungwa, msuli ukifanya kazi, hufunguka. Miaka miwili baadaye, Januari 1922, kijana wa miaka 14 mjini Toronto, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini ili kutibiwa. Mwaka 1923 tuzo ya tiba ikaenda kwa Frederick Banting na John Macleod kwa kazi hiyo.

Khabari hizi mbili zinakutana nyumbani kwa Krogh. Mkewe Marie, ambaye naye alikuwa daktari, aliugua kisukari. Mwaka 1922 walisafiri Amerika, Krogh akafika Toronto, akarudi Denmark na ruhusa ya kutengeneza insulini. Kampuni iliyozaliwa kutokana na safari ile baadaye iliungana na mshindani wake mwaka 1989, ikawa Novo Nordisk. Ndiyo hiyo inayotengeneza Ozempic, sindano ambayo siku hizi hakuna harusi ya Maskati wala Dubai utakayokwenda usiisikie ikitajwa kwenye meza ya kinamama.

Kwa nini nayaleta haya? Kwa sababu alichokigundua Krogh ndicho kinachoeleza mambo ambayo wagonjwa wetu hukutana nayo kila siku bila ya kuyajua. Kapilari zikifunguka, insulini hukimbia. Mwaka 1978 watafiti walionyesha kwamba mtu akijichoma pajani kisha akaendesha baiskeli, insulini huingia kwenye damu haraka zaidi kuliko akiwa ametulia. Mwaka 1980 watafiti wa Finland walionyesha kwamba joto la sauna hufanya vivyo hivyo. Kukanda mahali palipochomwa nako huharakisha. Sasa mfikirie mzee wetu wa Sib ambaye mwezi wa Julai hujichoma, kisha huenda msikitini kwa miguu mchana wa jua, au huingia bafuni kuoga maji ya moto. Sukari ikimshuka tunasema ni "uchovu wa joto".

Na watengenezaji wa dawa nao wameujengea ujuzi wao juu ya mlango huo huo. Ndani ya chupa, insulini hukaa makundi ya sita sita yaliyoshikana. Kundi zima ni kubwa, halipenyi kwa wepesi. Lazima livunjike kwanza kuwa moja moja. Insulini za haraka, zilizoanza kutoka mwaka 1996, zimebadilishwa kidogo ili makundi yavunjike upesi, ndiyo maana huanza kazi ndani ya robo saa hivi, ilhali insulini ya kawaida huhitaji nusu saa. Insulini za usiku zimefanywa kinyume chake. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn, mshirika wa Krogh, aliichanganya insulini na protini kutoka kwa samaki ili ikawie kuyeyuka. Glargine, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, hubaki maji ndani ya kalamu, lakini ikifika chini ya ngozi huganda kuwa chembe ndogo sana na kuyeyuka polepole mchana kutwa na usiku kucha.

Ozempic nayo ina ujanja wake. Chembe yake ni ndogo kuliko insulini, lakini imepachikwa mkia wa mafuta unaoifanya ishikane na albumini, protini kubwa ya damu. Kwa hivyo haichujwi upesi, na mtu hujichoma mara moja tu kwa wiki. Ndiyo maana pia mtu akipata kichefuchefu kwa dawa hii, hakiondoki kwa kuacha dozi ya kesho. Dawa ya wiki hii bado imo mwilini, na itakuwamo wiki zijazo.

Mlango wa limfu

Kwa treni ya muda mfupi kaskazini mwa Stockholm kuna mji wa Uppsala. Huko, mwaka 1652, kijana mwanafunzi Olof Rudbeck alimwonyesha Malkia Kristina wa Sweden mishipa ya limfu aliyoigundua. Thomas Bartholin wa Copenhagen alichapisha ugunduzi kama huo karibu wakati mmoja, na wakagombana vikali juu ya nani alitangulia. Kwa sisi wenye historia ya pande mbili, mwaka 1652 una maana nyingine: ndio mwaka ambao meli za Imamu Sultan bin Saif, baada ya kuwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, ziliwashambulia Unguja. Ndio urefu wa muda ambao limfu imejulikana. Hata hivyo, kwa karibu karne tatu na nusu hakuna mgonjwa aliyehitaji kuijua kwa ajili ya dawa yake.

Mambo yamebadilika kwa sababu ya antibodi. Hizi ni kubwa mno kwa mlango wa kapilari. Zikichomwa chini ya ngozi huokotwa na limfu, zikasafiri kutoka tezi hadi tezi, na kilele chake kwenye damu hufika baada ya siku tatu mpaka wiki moja hivi, wala si saa. Sehemu ya dawa huvunjwavunjwa njiani. Na kwa kuwa mwili una namna ya kuzihifadhi antibodi, nyingi hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa.

Kizuizi kilikuwa ni ujazo. Chini ya ngozi hapapokei zaidi ya mililita mbili hivi kwa raha, na dawa nyingi za antibodi zinahitaji zaidi. Katika utandu ule wa chini ya ngozi kuna kamba ndefu za hailuronani, kitu cha ute kinachoshika maji na kuzuia majimaji yasitambae. Dawa ikichanganywa na kimeng'enya kinachozikata kamba hizo, pahala hulainika kwa muda, dawa nyingi hutambaa, kisha mwili huzijenga upya ndani ya siku moja au mbili. Kwa njia hiyo Herceptin, dawa ya aina fulani ya saratani ya matiti, ilipata sindano yake ya chini ya ngozi Ulaya mwaka 2013: mililita 5 kwa dakika mbili hadi tano, badala ya nusu saa au zaidi kwenye dripu.

Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya namna hiyo ya Keytruda, mojawapo ya dawa zinazouzwa zaidi duniani kwa saratani. Hiyo huchomwa na mhudumu wa afya kwa dakika moja kila wiki tatu, au dakika mbili kila wiki sita. Tazama dozi zake: kwa dripu ni miligramu 200 kila wiki tatu, na kwa njia ya chini ya ngozi ni miligramu 395. Karibu mara mbili. Mgonjwa asiyejua ataogopa, ataona amezidishiwa dawa. Tofauti ni njia. Kwa limfu, si yote hufika.

Na mwezi mmoja kabla yake, Agosti 2025, mamlaka hiyo hiyo iliidhinisha kalamu ya kujichoma nyumbani ya Leqembi, ambayo jina lake la kitaalamu ni lecanemab. Hii ndiyo inayoirudisha khabari Stockholm. Dawa hii ilianzia kwenye kazi ya Lars Lannfelt, aliyegundua badiliko la jeni katika familia moja ya kaskazini mwa Sweden lililosababisha maradhi ya Alzheimer, na kampuni ya BioArctic ya hapa Stockholm, aliyoianzisha pamoja na Pär Gellerfors mwaka 2003. Eisai ya Japani ndiyo iliyoiendeleza. Kwa idhini hiyo, mgonjwa huanza kwa dripu kila wiki mbili, na baada ya miezi 18 anaweza kuhamia kwenye kalamu ya miligramu 360 mara moja kwa wiki, sindano ya sekunde 15 hivi. Falme za Kiarabu ziliidhinisha dawa ya dripu mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya Aprili 2025.

Najua nyumba ngapi zetu zina bibi au babu anayesahau majina ya wajukuu, kwa hivyo nataka niwe mkweli. Dawa hii haiponyeshi. Katika jaribio kubwa ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18, kwa wagonjwa walio mwanzoni tu mwa maradhi. Inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, na ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara, na baadhi ya wenye jeni fulani hawapewi kabisa. Kalamu haiondoi hatari hizo. Inachoondoa ni safari ya hospitali na saa moja ya dripu. Inachoongeza ni jukumu letu: dawa inayoingia polepole na kukaa muda mrefu haiwezi kutolewa mwilini siku madhara yanapotokea. Mzee akilalamika kichwa au akivurugikiwa na macho siku ya nne baada ya sindano, tusiseme "ah, sindano ilikuwa Ijumaa, haihusiki".

Jambo moja zaidi kuhusu limfu. Tezi zake ni vituo vya walinzi wa mwili. Protini ngeni ikipita hapo hukaguliwa, na mara nyingine mwili huamua kutengeneza antibodi za kupigana na dawa yenyewe, ikaacha kufanya kazi. Swali la nani mwili humvumilia na nani humshambulia ndilo lililowapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi tuzo ya tiba ya mwaka 2025 hapa hapa Stockholm. Kwa hivyo dawa ya antibodi iliyokusaidia miaka miwili ikianza kupotea nguvu, si lazima iwe ni bandia au imeharibika. Mwambie daktari, yapo ya kupima. Na dada zetu waliotolewa tezi za kwapa kwa sababu ya saratani ya matiti wamuulize daktari kabla ya kuchoma dawa yoyote mkono wa upande ule.

Na sisi wa Ghuba?

Nchi za Ghuba ni miongoni mwa zenye kisukari kingi zaidi duniani, na joto letu si la kawaida. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat hapa Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Kwa hivyo maelezo ya kwenye kijikaratasi cha dawa, mengi yakiandikwa kwa nchi za baridi, lazima tuyasome kwa macho yetu.

Kuna utafiti ulio karibu na kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini katika hali hiyo kwenye maabara kwa wiki nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha nguvu yake haikupungua kuliko iliyowekwa kwenye baridi. Kwa jamaa zetu Mombasa, Pemba au Tanga wasiokuwa na friji, hiyo ni khabari njema. Lakini isitudanganye huku. Nyuzi 37 si ndani ya gari lililofungwa Ruwi saa saba mchana. Na kinyume chake ni hatari vile vile: insulini ikiganda barafu imeharibika. Isibanwe kwenye ukuta wa friza, wala isiwekwe kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Ichukue mkononi.

Kila mwaka Ramadhani ikifika wapo wanaoacha insulini mchana wakidhani sindano inafunguza. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kwamba sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za lishe. Anayetaka zaidi amwulize sheikh wake. Lakini suala la dozi ni la daktari, na liulizwe kabla ya mwezi kuandama. Anayefunga hajali tu saa za kula: dozi, saa na pahala pa kuchoma vyote hubadilika pamoja.

Tukirudi kwenye tumbo la mama. Nawaombeni, wiki hii, mwenye mzazi anayejichoma ampapase kwa idhini yake, tumboni na mapajani, kwa vidole bapa. Mkikuta pahala pagumu, au pamevimba kama mpira, pasichomwe tena. Lakini msihame na dozi ile ile kama nilivyofanya mimi. Mpigieni daktari au muuguzi kwanza, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kupunguzwa, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku za mwanzo, pamoja na usiku. Kisha pazungushwe: leo hapa, kesho upana wa vidole viwili kando yake, na sindano mpya kila mara. Na kwa kila dawa mpya ya kuchoma, muulizeni anayewapa: inapita wapi, inafika kileleni baada ya muda gani, na inakaa mwilini siku ngapi. Kama hana jibu, atafute. Ni haki yenu.

Mama alirudi Maskati wiki iliyopita. Daktari wa Stockholm alimshusha mpaka yuniti 26, na sukari yake imetulia kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Dada alimchorea tumbo na mapaja kwenye karatasi, akayagawa vyumba vinane vyenye namba, na mama ameibandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la jikoni, juu ya mikebe ya viungo. Jana nilipompigia simu alinikatiza nilipoanza kumkumbusha.

"Leo zamu ya chumba namba tatu, mwanangu," alisema. "Na kile kinundu bado kipo, lakini kimeanza kulainika. Nimekipapasa mwenyewe."